Sultani Aliyetupa Sauti Akabaki na Maneno

Hapo zamani, enzi ambazo kilemba kikubwa kilitosha kumfanya mtu aitwe mwenye akili, palikuwa na Sultani jina lake Hatimu, na kilemba chake kilikuwa kikubwa kweli kweli. Alitawala mji mmoja wa ukingoni mwa mto, wala hakuwa mtu mbaya: hakudhulumu, hakupokea hongo. Ila alinyimwa kitu kimoja, hakujua mzaha. Watu wakicheka mbele yake, yeye hujitazama nguo kama zimechanika, na akitaniwa huuliza shahidi yuko wapi.

Basi akachoshwa na mashauri ya barazani. Kila aliyeshtakiwa kwa tusi husema, "Maulana, nilisema kwa kucheka." Kila aliyeshtakiwa kwa kiburi husema, "Nilisema kwa unyenyekevu, ila nilikuwa na mafua." Ikawa siku moja Sultani akatoa amri: tangu leo sauti haina kazi barazani. Neno litaandikwa na karani kama lilivyotoka, litasomwa, na litahukumiwa lenyewe. Asiulizwe mtu kama alicheka au alilia. Karani wake, Mwinchande, akafurahi kupita kiasi, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa na sauti moja tu, ile ile ya kuhesabia mbuzi, kusomea hukumu na kumbembelezea mkewe.

Sasa watu wa mji ule walikuwa na utani baina yao, watu wa bondeni na watu wa kilimani. Mtu akifiwa, mtani wake ana haki ya kuja msibani kumtukana, kumkebehi marehemu na kuzuia mlango mpaka apewe chochote, hata mfiwa acheke, atake asitake. Asiyetukanwa na mtani wake siku ya msiba huona kwamba hapendwi.

Bwana Kondo wa kilimani akafiwa na mama yake. Siku tatu hakula wala hakusema na mtu. Siku ya tatu akaja mtani wake wa bondeni, Mwanamvua, mjane mpika vitumbua mwenye watoto watatu. Akasimama mlangoni, kanga kaifunga kiunoni, akapaza sauti: "Afadhali kibibi huyu amekufa! Alikuwa akinimalizia vitumbua vyangu. Leo nimekuja kufanya sherehe!"

Kondo akainua kichwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaomba uji. Watu wakashukuru. Lakini Mwinchande naye alikuwapo, amefuata pilau, na kalamu yake haimtoki sikioni. Akaandika.

Kesho yake Mwanamvua na Kondo wakaitwa barazani, karani akayasoma maneno kwa sauti yake ya mbuzi: "Afadhali kibibi huyu amekufa. Alikuwa akinimalizia vitumbua vyangu. Leo nimekuja kufanya sherehe."

Sultani akashtuka hata kilemba kikaenda upande. "Mwanamke huyu ni mnyama!"

Kondo akajitupa chini. "Maulana, nakusihi! Maneno hayo ndiyo yaliyonirudishia roho. Laiti ungemsikia alivyosema!"

"Hayo aliyosema si ndiyo haya yaliyoandikwa?"

"Ndiyo, Maulana, lakini alivyoyasema..."

"Namna alivyoyasema haikuandikwa, basi haipo." Akahukumu kwamba Ijumaa Mwanamvua avushwe mto asirudi tena, na watoto wake wabaki, kwa kuwa wao ni raia na hawakukosa. Mwanamvua akalia kilio ambacho nacho hakikuandikwa.

Mwanamvua alikuwa na kaka yake, Shomari Pekupeku, maskini wa mwisho pale mjini. Kanzu alikuwa nayo moja, na siku aifuapo hushinda ndani. Watu walimwita mjinga kwa sababu akiulizwa jambo hujibu lile lile aliloulizwa. Alhamisi asubuhi akaivaa kanzu yake, mbichi vile vile, akaenda barazani, akasimama katikati huku akichuruzika maji juu ya zulia.

"Unataka nini?" akauliza Sultani.

Shomari akamtazama toka kilemba mpaka makubadhi, akavuta maneno kama mama mkwe aliyepakuliwa wali mbichi: "Aaah! Ama kweli Sultani wetu ana akili!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mawaziri wakajiziba midomo kwa ncha za vilemba. Sultani akawaka. "Ananitukana! Karani, umeandika?"

"Nimeandika, Maulana," akajibu Mwinchande, akasoma: "Ama kweli Sultani wetu ana akili." Akageuza karatasi huku na huku. "Ni sifa, Maulana. Sioni pa kumshika."

Shomari akaendelea, jicho moja kalifumba: "Na hukumu zake, mashallah! Tamu hizo! Hata kuku wa jirani wanazisifu."

"Sifa, Maulana," akasema karani akiandika mbio mbio.

"Na uso wake wa hekima! Mimi kila nikiutazama husema, kumbe hekima ndivyo ilivyo!"

"Sifa kubwa hiyo, Maulana."

Watu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Sultani hasira zikampanda hata akasahau utawala, akasimama akakipiga kiti chake cha enzi teke: "Haya! Kwa kuwa wewe ndiwe mjuzi, njoo basi! Njoo ukae wewe kwenye kiti hiki! Hukumu wewe, na mimi niende zangu nikauze vitumbua!"

"Ahsante, Bwana wangu," akasema Shomari. Akapanda ngazi tatu na kanzu yake ya maji, akakaa kitini, mto wa hariri ukalowa, akanyoosha miguu yake pekupeku.

Askari wakachomoa majambia. Shomari akainua mkono. "Karani, soma."

Mwinchande, ambaye hakujua kuogopa kwa kuwa hakujua jambo lolote ila kusoma, akasoma: "Njoo ukae wewe kwenye kiti hiki. Hukumu wewe, na mimi niende zangu nikauze vitumbua." Askari wakatazamana. Sheria ilikuwa ni sheria.

"Shuka!" akapiga kelele Sultani. "Mpumbavu we! Nilisema kwa kejeli! Kila mwenye masikio amesikia nilivyosema!"

"Namna ulivyosema haikuandikwa, Maulana," akajibu Shomari kwa upole. "Vitumbua huanza kuuzwa alfajiri. Usichelewe."

Sultani akayatazama yale maandishi mkononi mwa karani, maneno yake mwenyewe, mazima, hakuna hata moja lililozidi, wala hata moja alilolimaanisha. Akaona haya, akakaa kwenye ngazi, chini ya miguu ya Shomari.

"Mleteni yule mwanamke," akasema. "Na Kondo pia."

Wakaletwa. Sultani akamwambia Mwanamvua, "Nataka nisikie. Yaseme kama ulivyoyasema siku ile."

Mwanamvua macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Kisha akamwona Kondo, amekonda, kanzu inamning'inia. Akajifunga kanga kiunoni. "Afadhali kibibi huyu amekufa!" akasema, na sauti ikamkatika katikati, akaishika tena. "Alikuwa akinimalizia vitumbua vyangu..." Kondo akacheka huku akijifuta machozi kwa mikono miwili, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama Mwanamvua alimpenda yule bibi.

Sultani akamgeukia karani. "Arudi kwa wanawe," akasema, "na amri yangu ichanwe." Shomari akashuka kitini, akampisha.

Mwanamvua akapiga magoti, akashukuru, akaondoka. Alipofika mlangoni akageuka, mkono kiunoni. "Nawe Maulana, ole wako! Siku utakapokufa nitakuja na ngoma, nicheze juu ya kaburi lako mpaka litifuke!"

Mawaziri wakashika vichwa. Mwinchande akachovya kalamu.

"Usiandike," akasema Sultani. Akamtazama yule mwanamke, akauliza taratibu, "Utakuja kweli?"

"Nitakuja, Maulana."

Na Sultani Hatimu, kwa mara ya kwanza tangu avikwe kilemba, akacheka.