Mbegu Zilizolala Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mko hai. Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota meno, vijiji viwili vilitenganishwa na mto. Vilichomeana maghala, vikachomeana tena, mpaka vikachoka. Ndipo Mzee Mihambo wa kwetu aliposema, "Mbegu zetu zilale kwao, zao zilale kwetu. Tuone nani atawasha moto." Ikawa hivyo kila baada ya mavuno.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Jua, jua, jua tu. Watu wakala mizizi, mbegu za ng'ambo hawakuzigusa. Wakaja wachuuzi kutoka mbali huko, wanakojua wenyewe, na mizigo ya vitambaa. Wakautaka ule mtama wa mbegu wa ng'ambo, uliolala ghalani kwetu. Mihambo akakataa. Wakacheka, wakasema watu wa ng'ambo wameshawauzia mbegu zetu zote.

Weee! Kijiji kikachafuka. Vijana wakaliendea ghala na mashoka. Ngo! Ngo! Mihambo akajitupa mlangoni. Aliogopa, nisiwadanganye.

"Twendeni mkaone kwa macho yenu," akasema. "Tukikuta hamna kitu, rudini mvunje, na ng'ombe wangu wote chukueni."

Wakavuka mto, mashoka begani. Chubwi, chubwi, chubwi. Mara wakasikia mbele yao: ngo! ngo! Huko nako ghala lilikuwa linavunjwa. Wachuuzi wengine walikuwa wamepita na maneno yale yale.

Na mlangoni aliketi Bi Kalunde, mzee wa kijiji kile, damu inamchuruzika usoni. Watu wake mwenyewe walikuwa wamempiga, kwa kuwa alikataa kuondoka.

Akamtazama Mihambo. "Mtama wenu umo," akasema. "Wetu je?"

"Umo," Mihambo akajibu.

Mashoka yakashuka, moja moja. Aliyempiga Bi Kalunde alikuwa mwanawe wa kumzaa. Akakaa chini, akalia. Kugeuka kuwatafuta wachuuzi, hawaonekani.

Mvua iliponyesha, pande zote mbili zilipanda. Kovu la Bi Kalunde halikufutika, na kila msimu Mihambo alivuka kumpelekea kapu la kwanza la mtama.

Basi nanyi, mgeni akiwaletea habari mbaya za jirani, vukeni mkamuulize jirani mwenyewe. Hadithi yangu naiacha pale pale mtoni. Anayeitaka avuke akaichukue.