Mzigo wa Mikono Mitatu

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetemeka gizani, tik, tik, tik, maharage yakichemka juu ya mkaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Wanangu watatu walikuwa wamejibana kwenye mkeka pamoja na bibi yao, mama wa baba yao, wakisikiliza redio ya betri. Mtangazaji alisema pato la taifa limeongezeka, kisha akataja mashamba yamezalisha kiasi gani, viwanda vya unga kiasi gani, na viwanda vya mikate kiasi gani.

Kiangi, aliye kidato cha pili, akasema hiyo hesabu ni nyepesi. Unajumlisha vyote vitatu, basi, umepata utajiri wa nchi.

"Mzigo hupita mikono mitatu, shibe ni moja," bibi akasema, akipunguza sauti ya redio.

Kiangi akadhani anachekwa. Dada yake Namcha akataka kujua methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hajawahi kuisikia. Na Mbazi, kitinda mimba wetu, akauliza ni mzigo wa nini.

"Wa ulezi," bibi akamjibu. "Sogeeni, niwaambie neno hili lilizaliwa wapi."

Palikuwa na nchi ndogo milimani, ikiitwa Ikombe. Watu wake hawakuwa na maandishi, lakini walikuwa na njia yao ya kujua mwaka umewaendea vipi. Baada ya mavuno, kila aliyetoa mzigo wa chakula kwa kazi ya mikono yake alikwenda uwanjani kwa Mfumwa, ndiye mtawala wao, akaweka kokoto moja kwa kila mzigo. Kokoto zililundikwa mbele ya mwamba uliochorwa mstari mwekundu. Lundo likiwa chini ya mstari, chakula hakitoki nchini. Likiufunika, watu wa tambarare waliruhusiwa kupanda na ng'ombe wao, wakabadilishana kwa ulezi wa ghala la nchi, ambamo kila nyumba iliweka fungu lake.

Msimamizi wa lundo aliitwa mshika kapu, maana ndiye pia aliyepima ulezi wa ghala kwa kapu. Siku ya mwisho alilimwagia maji mbele ya watu wote. Maji yakishamwagika neno limefungwa, na hata Mfumwa hana uwezo wa kulifungua.

Mwaka huo mshika kapu alikuwa Nakijwa, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Kapu alilirithi kwa mjomba wake, na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Wapo walionung'unika kwamba nchi imekabidhiwa kwa mtu anayenyonyesha. Yeye utotoni alikuwa ameuona mwaka wa njaa, akamwona mama yake akipepeta makapi kwa mara ya pili kutafuta punje, na alichotaka ni kimoja tu, mtoto wake asije akayaona hayo.

Basi lundo la mwaka huo halikuwa na mfano. Liliufunika mstari, likapanda hadi kifuani kwa mtu mzima. Watu walifurahi sana. Habari zikateremka tambarare, ng'ombe wakaletwa, wakafungwa pembeni mwa uwanja. Mfumwa akaahidi kutoa nusu ya ghala, na ng'ombe aliyempenda akawa ameshamwonyesha mkwewe.

Asubuhi ya kumwaga maji, Nakijwa alipita kwanza ghalani. Akasimama mlangoni kwa muda. Ukuta wa nyuma, ambao miaka mingine hufunikwa na ulezi hadi karibu na paa, ulikuwa wazi kutoka juu mpaka usawa wa kiuno. Lundo linasema hivi, ghala linasema vingine. Akawaza moyoni kwamba wapo walioweka kokoto za bure ili waonekane hodari. Akaenda uwanjani na kibuyu chake cha maji, watu wamekwisha kaa, naye akasimama mbele ya lundo bila kumwaga.

"Mama, maji yanangojwa," Mfumwa akasema.

"Baba, naomba niulize kidogo kwanza."

Akamgeukia Mbonea, mkulima aliyeweka kokoto nyingi kuliko wote, akamuuliza kama kila kokoto yake ina mzigo wake.

"Kila moja," Mbonea akasema. "Nimeukata ulezi ule kwa kisu changu, na mgongo wangu ni shahidi."

"Na mizigo hiyo iko wapi?"

"Si nimeipeleka mtoni kwa Senzota? Nani siku hizi anamsagisha mkewe kwenye jiwe?"

Watu wakacheka. Mnaona, zamani kila nyumba ya Ikombe ililima yenyewe, ikasaga yenyewe, ikapika yenyewe. Nyumba moja, mzigo mmoja, kokoto moja. Lakini mwaka huo Senzota alikuwa amejenga kinu kinachozungushwa na maji ya mto, na nchi nzima ikawa inasaga kwake. Nakijwa akamuuliza naye kokoto zake ni za nini.

"Za unga. Unga nimeutoa mimi."

"Umeutoa kwenye ulezi wa nani?"

"Wa Mbonea na wenzake. Ulitaka nisage mchanga?"

Kabla hajaulizwa, Naetwe mpika togwa akadakia. "Msinitazame mimi. Togwa nimepika na mmekunywa. Mlipokuwa mnalamba vibuyu mbona hamkuniuliza?"

Nakijwa akamwuliza kwa upole, kama dada yake, unga wa togwa aliupata wapi. Naetwe akamwonyesha Senzota kwa kidevu.

Hapo Nakijwa akainama, akaokota kokoto moja ya Mbonea, moja ya Senzota, na moja ya Naetwe, akazitandaza kiganjani mbele ya Mfumwa.

"Baba, mkononi ni tatu. Zifuate mpaka tumboni, ni mzigo mmoja."

Senzota akasimama. "Kwa hiyo mwaka mzima mimi nilikuwa naoga mtoni?"

"Umesaga, kaka, na unga ni bora kuliko punje. Ubora huo ni wako, uwekee changarawe, ndogo kuliko kokoto. Lakini ulezi ni wa Mbonea, na alikwisha kuuwekea kokoto."

Mfumwa akawatazama ng'ombe, kisha akamtazama yeye. "Ukikosea, kapu halitarudi tena nyumbani kwenu."

"Nikimwaga maji haya, Baba, kapu litabaki kwetu," Nakijwa akasema. "Ila mwaka haujaisha litakuwa halina cha kupima."

Mtoto mgongoni kwa Nakijwa akaanza kulia. Ndipo Mfumwa akawaamuru Senzota na wapika togwa wachukue kokoto zao, waweke changarawe. Walifanya hivyo kwa kununa. Lundo likashuka, likashuka, mstari mwekundu ukatokeza wote. Nakijwa akamwaga maji.

Watu wa tambarare wakafungua ng'ombe wao. Mmoja akasema kwamba hata kwao hakuna anayehesabu mbuzi, kisha nyama yake, kisha na mchuzi wake. Wakateremka zao.

Kwa muda mrefu Mfumwa hakumsalimu Nakijwa. Kisha mvua zikachelewa. Ghala likafunguliwa, watu wakapanga foleni, na siku moja Mfumwa akaja mwenyewe na kikapu, akasimama nyuma ya mke wa Senzota. Ilipofika zamu yake Nakijwa akampimia sawa na wengine. Mfumwa akapokea kwa mikono miwili.

"Mwakani," akamwambia, "changarawe ziwe na lundo lake."

Ulezi mpya ulipoiva, sakafu ya ghala ilikuwa inafagiwa. Ule wa ghalani ulitosha kwa shida, lakini ulitosha. Hakuna aliyepepeta makapi.

Bibi akajipangusa uso kwa kanga.

"Na hao wa takwimu, Kiangi, wakifika kiwandani huuliza kilichoingia kabla ya kuandika kilichotoka. Kiwanda cha mikate kinahesabiwa kile kilichoongezwa juu ya unga, na kiwanda cha unga kile kilichoongezwa juu ya ngano. Wakijumlisha kama ulivyojumlisha wewe, nchi itaonekana imenenepa kumbe imevaa makoti matatu."

Kiangi akacheka, safari hii kwa moyo. Namcha akairudia methali polepole, kama anayeipima uzito: mzigo hupita mikono mitatu, shibe ni moja.

Mbazi alikuwa ameegemea paja langu, nikadhani amelala. Akainua kichwa.

"Kumbe kwenye lundo lile hakuna aliyedanganya."