Karela Lililofunikwa kwa Kanga

Karela la aibu ndilo lenye mbegu.

Ndivyo mama yenu alivyowaambia leo asubuhi, Nuru na Shafii, mlipotaka kulikata lile karela la njano pale uzioni ili wageni wa posa wasilione kesho. Mkaja mbio kwangu kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Yeye hakuwasimulia kwa sababu ana adabu zake, hapendi kumsema mama mkwe wake mbele ya wajukuu. Basi nitajisema mwenyewe, maana mkorofi wa kisa hiki ni mimi. Nuru, weka kisu chini kwanza. Siwezi kusimulia mtu akiwa ameshika kisu.

Neno hili lilitokana na mbegu saba.

Wakati huo tulikuwa tukiishi kwenye kambi ya mkonge, huku huku upande wa Muheza, kabla babu yenu hajaacha kazi. Nyumba zilipangwa kwa mistari tuliyoiita laini, na kila nyumba ilikuwa na kipande cha ardhi mbele, kati ya mlango na njia. Kila aliyepita aliona umepanda nini na umetupa nini. Tulitoka pande zote za nchi, kila mtu na mboga ya kwao, lakini karela, lile tunda chungu lenye manundu, halikuwa mboga ya kwao mtu yeyote kati yetu. Mbegu za kwanza zililetwa na mwenye duka wa Kihindi, nasi tukajifunza mapishi kwa kuchungulia: unakata vipande, unatia chumvi, unakamua ule uchungu mkali utoke, kisha unakaanga kwa kitunguu na kumwagia tui. Tulilipenda kwa sababu moja. Mwezi wa kwanza na wa pili, jua linapochoma mchicha wote, mkarela huendelea kuzaa hata ukiupa maji ya kuoshea vyombo tu. Bila karela, kiangazi chote kilikuwa ugali na chumvi.

Ila tulilijua nusu. Tulijua kulila, hatukujua uzazi wake. Karela huchumwa likiwa bichi, la kijani. Ukiliacha hugeuka njano, hulainika, halafu hupasuka. Sisi wanawake wa kambi tuliamua kwamba karela la njano limeoza, na mke anayeacha mboga ioze mbele ya njia ni mke anayelala mchana. Sijui nani alianza kusema hivyo, lakini sote tulilishika kama amri. Alfajiri kila mmoja alikagua uzio wake kabla jirani hajaukagua.

Asiyejali alikuwa mmoja tu, Bi. Nambua, kikongwe mjane wa laini ya tatu. Uzio wake ulijaa makarela ya njano yaliyoachama midomo. Tulimwita Bi. Usingizi. Na kila mwaka vuli ilipokaribia, sisi sisi tuliokuwa tukimcheka tulikwenda kwake kuomba mbegu, naye alitupa bila neno. Hatukujiuliza anazitoa wapi. Tulidhani anapewa dukani.

Mwaka ambao mwanangu Mbaruku alimwoa mama yenu, Mwajabu, Bi. Nambua akafariki. Mwajabu alikuwa mgeni kambini, na kwa kuwa hakuwa na shoga, alikuwa amezoea kumchotea bibi yule maji na kukaa naye barazani. Baada ya msiba tukafungua kibuyu cha mbegu, tukakuta panya wametangulia. Zimebaki saba. Mwajabu akauliza kama anaweza kuzichukua, tukamwambia achukue. Mbegu saba zilikuwa za nini, na kila karela unalopasua jikoni limejaa mbegu?

Tukazikwangua hizo za jikoni, nyeupe na laini, tukapanda. Zikaoza. Tukapanda tena, zikaoza tena. Tukasema ardhi imechoka, wengine wakasema kuna mtu ana jicho baya. Mimi nilipanda mara tatu.

Mwajabu akafuata alivyomwona Bi. Nambua akifanya. Mbegu iliyokomaa ya karela ina ganda gumu, maji hayapenyi upesi. Aliisugua kila moja ncha yake kwenye jiwe, kidogo tu, mpaka weupe ukaonekana. Akaziloweka usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Asubuhi akazifunga ndani ya kitambaa kibichi, akakitia kwenye pindo la kanga yake kiunoni, akawa anapika nazo, anafagia nazo, anakwenda nazo kisimani. Nilimwuliza kama ameanza kuatamia. Akacheka, akaendelea na kazi yake. Siku ya nne akafungua kitambaa na tano zilikuwa zimetoa mzizi.

Tano hizo akazipanda. Kuku wakafukua mbili. Akazungushia miiba. Mdudu akakata moja shingo usiku. Akawa anaamka alfajiri kufukua udongo kwa kidole, akitafuta mdudu mmoja mmoja. Ya nne ilikauka kwa jua la Desemba. Ikabaki moja. Akaisimamishia miti ya mkonge mikavu, akaitandikia kamba za katani, na kila jioni alibeba maji ya vyombo kutoka hata nyumba za wengine ili mche ule mmoja unywe. Sijapata kumwona mtu aliyeng'ang'ania kitu namna ile. Nilikuwa nikimwangalia na kusema moyoni kwamba mwanangu ameoa mbishi.

Mche ukapanda, ukachanua, ukazaa. Ndio uliokuwa mkarela pekee katika kambi nzima. Watu wakaanza kupitapita, na Mwajabu hakuwa mchoyo. Alimchumia la kijani kila aliyeomba, mimi nikiwa wa kwanza. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili majani ya chini yalikuwa yamekauka na mmea wenyewe umechoka. Likabaki karela moja, nene, limening'inia mbele kabisa, upande wa njia. Hilo akalifunga utepe wa kitambaa na kusema haliguswi.

Likaanza kugeuka njano. Na wifi yangu, Shangazi Sikudhani, dada yake babu yenu, akaleta habari kwamba anakuja kutoka Handeni.

Mlimkuta Sikudhani akiwa mzee aliyetulia, hamkumjua enzi zake. Alikuwa na ulimi usio na kitasa. Harusi ilimpita akiwa mgonjwa, kwa hiyo alikuja makusudi kumwona mkaza mwana na kuona nimemchagua vipi. Chochote ambacho angesema ndicho ukoo mzima ungekisema. Nikachukua kisu, nikaenda kwa Mwajabu.

Nikamwambia, "Shangazi anafika kesho. Hilo kata."

"Nimekusikia, mama. Naomba siku tatu tu."

"Siku tatu za nini? Limeoza."

"Halijaoza, mama. Linaiva."

"Kinachoiva ni embe. Karela linaoza."

Akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama kwa heshima lakini hakuinamisha macho. "Mama, wewe ulipanda mbegu za jikoni mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Zikaota?"

Nikakitazama kisu mkononi. Alijua jibu.

"Karela bichi ni mtoto, mama," akasema. "Nasi tunataka mtoto azae. Bi. Nambua hakuwa na usingizi. Nilimwona kwa macho yangu akiyaacha yaive, akiokota mbegu na kuzianika. Hakuna aliyemwuliza, naye hakupenda kujieleza kwa watu wanaomcheka."

"Na kesho watu watasema nini?"

"Watasema mkaza mwanao ni mvivu. Neno hilo nitalibeba mimi."

"Na nikilikata?"

"Wewe ni mama yangu, siwezi kuushika mkono wako. Lakini ukilikata, tafadhali pita nalo mlango kwa mlango, laini zote, uwaambie watu kwamba karela la kambi hii limekwisha leo."

Nikasimama pale na kisu changu. Nilianza kuzipitia nyumba kichwani, nikitafuta hata moja yenye mbegu, ili nimkomeshe yule msichana. Nikamaliza laini ya kwanza, nikamaliza ya pili, nikafika mlango wa Bi. Nambua uliokuwa umefungwa kwa kufuli. Sikupata. Nikageuka nikaondoka na kisu changu, nimekasirika.

Msidhani nilikuwa nimeelewa. Niliogopa tu kuwa mimi ndiye wa kulimaliza. Shangazi naye nilimwogopa vile vile. Basi asubuhi, kabla lori halijamleta, nikachukua kanga yangu mpya na kuitandaza juu ya uzio, ikalifunika karela lote. Nikajiona nina akili.

Nyinyi mnajua udhaifu wa wanawake wa pwani. Utupie kanga popote, mwanamke akipita lazima asome imeandikwa nini. Sikudhani aliteremka, akasalimiwa, majirani wakakusanyika kumpokea, na hatua mbili kabla ya mlango wa Mwajabu akasimama.

"Kanga hii mpya? Inasemaje?"

Akaishika pindo akaivuta ili asome. Karela likabaki wazi, njano tupu, limekaribia kupasuka, mbele ya watu wote.

Akalitazama. Akanitazama mimi. "Makubwa," akasema. "Kumbe huku karela la aibu huvishwa nguo."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Mpaka leo nikikumbuka, uso wangu unapata moto, na si kwa sababu ya kucheka kwao. Ni kwa sababu nilitamani kusema kwamba uzio ule si wangu, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Mwajabu alikuwa amepiga magoti akimnawisha mgeni mikono. Hakumwaga hata tone.

"Ni langu, Shangazi," akasema. "Na ndilo lenye mbegu."

Wakacheka tena, lakini wachache. Baadhi yao walikuwa wamepanda mara tatu kama mimi.

Siku ya tatu alfajiri karela likapasuka lenyewe. Aliyeliona wa kwanza ni Sikudhani, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulala. Nilimkuta ameinama uzioni. Karela limefunuka pande tatu, na ndani, katika ule mmea mchungu, mbegu zimevikwa nyama nyekundu. Mwajabu akachukua moja, akaimung'unya ile nyekundu, akatema mbegu kiganjani. Akampa Shangazi naye ajaribu.

"Tamu," Sikudhani akasema, kama mtu aliyedanganywa miaka mingi. Akala nyingine. Akazigeuzageuza mbegu zile mkononi, ngumu, zenye rangi ya udongo.

Alipoondoka alikuwa na mbegu tatu kwenye pindo la kanga. Aliziomba mwenyewe, kwa sauti ya chini, akamwita Mwajabu "mwanangu". Mimi alinipa mkono tu.

Mbegu zilizobaki Mwajabu alizianika kivulini, akazichanganya na jivu, akazitia kwenye kibuyu cha Bi. Nambua na kukiziba kwa nta panya wasirudi. Vuli ilipofika hakungoja watu waje kuomba. Alipita mlango kwa mlango, nyumba hii mbegu moja, nyumba ile mbegu moja, akiwaonyesha jiwe, maji na pindo la kanga. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale: usinirudishie kitu, ila acha karela moja liive, na liwe upande wa njia, watu walione. Alitaka lionekane ili aibu ifie hadharani pale ilipozaliwa.

Kwangu alikuja mwisho. Nilikuwa nimekaa mlangoni tangu asubuhi nikimwona akipita nyumba za wengine, nikajua ndiyo malipo yangu. Akapiga magoti, akaniamkia, akafungua kiganja. Za wengine zilikuwa moja moja. Zangu zilikuwa mbili.

"Moja ya kula, mama," akasema, "na moja ya kuacha iive."

Sikumwomba radhi kwa mdomo. Sisi wazee wa zamani ulimi wetu ulikuwa mzito upande huo, na sasa najuta. Nilichofanya ni hiki. Mkarela wangu ulipozaa, karela kubwa kuliko yote, la mbele kabisa, niliacha liwe njano. Mgeni mmoja wa laini ya pili akapita, akalicheka, akaniuliza kama siku hizi nalala mchana. Mwajabu alikuwa nyuma yangu akipepeta mchele, na ungo ukanyamaza.

Nikamjibu mgeni kwa sauti ambayo laini zote zingesikia, "Karela la aibu ndilo lenye mbegu."

Ungo ukaanza tena kupepeta.

Sasa, Nuru. Hilo karela mlilotaka kulikata ni uzao wa uzao wa uzao wa ile mbegu moja iliyobaki kati ya saba. Kesho wageni wako wakija, hutalikata wala hutalitupia kanga. Utalisogeza mbele kidogo, lining'inie karibu na mlango. Atakayelicheka utamjua, na utajua pia kama ni nyumba ya kwenda kuishi au ya kuagana nayo kwa adabu. Na atakayeuliza kwa nini mmeliacha, mkaribishe ndani, umwite mama yako aje amjibu mwenyewe. Karela la aibu ndilo lenye mbegu.