Deni la Mkanda Unga

Kulikuwa na mama mmoja mwenye tanuri la mikate, na mwanamke aliyemkandia unga. Nitawasimulia habari za huyu mkanda unga, maana mwenye tanuri mnamjua. Wengine mmekaa naye benchi moja.

Mwenye tanuri alikwenda semina ya wajasiriamali, akafundishwa madeni ya biashara. Kuna ya muda mfupi, ya kulipwa ndani ya mwaka: unga uliokopwa, umeme, mishahara. Kuna ya muda mrefu, kama mkopo wa benki ulionunua tanuri. Alielewa vizuri sana. Mwenye unga alilipwa kila Jumamosi, asije akazuia magunia. Benki ililipwa kwa tarehe yake, kwa sababu benki ina dalali. Mkanda unga hana magunia wala dalali. Miezi mitatu ikaisha hajaona mshahara, na mwenye nyumba ameshamwambia atafute pengine.

"Mama, kodi imenifika shingoni," alisema, mikono imejaa unga.

"Vumilia, mwanangu. Namalizia la benki."

"Na langu liko fungu gani?"

"Wewe nawe. Mama na mwana wanadaiana?"

Niambieni, ni mama gani huyo? Wale aliowazaa mwenyewe walikuwa wanafukuzwa kwenye nyumba?

Deni la benki likaisha. Jumapili iliyofuata mwenye tanuri akaja kanisani na kapu la mikate ya shukrani, akashuhudia kwamba Bwana amemtoa kwenye madeni yote. Watu wakapiga makofi. Mkanda unga hakupiga. Aliitazama ile mikate, aliikanda yeye.

Baada ya ibada ukafunguliwa mnada wa sadaka pale nje, kama tunavyofanya sisi. Mzee wa kanisa akainua kapu. "Haya, nani ananianzia?"

"Mimi," akasema mkanda unga. "Mshahara wa miezi mitatu."

Watu wakacheka. "Dada, hizo hela unazo?"

"Anazo mama yule. Nikidai mimi halipi. Labda likidai kanisa."

"Ya kazini tuyaongelee kazini," mwenye tanuri akanong'ona.

"Huko nimeyaongelea mpaka nimechoka, mama."

Kicheko kikakatika. Mwenye tanuri akatazama watu, akamtazama mchungaji, akafungua mkoba. Akahesabu noti zote palepale, akamkabidhi mzee wa kanisa. Kumbe zilikuwepo.

Na mzee wa kanisa akazipokea, akakata risiti ya sadaka. Mkanda unga akabeba mikate aliyoikanda mwenyewe, akaenda kutafuta pa kulala.

Mnamkasirikia mwenye tanuri? Mimi nawakasirikia na waliokata risiti. Sisi hatupangi madeni kwa muda mfupi na muda mrefu. Tunayapanga kwa kuangalia nani anaweza kutuumiza. Asiyeweza, tunamwita mwanangu. Sasa hivi nyumbani kwako kuna binti anamlisha mtoto wako uji ili wewe ukae hapa usikilize neno. Mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Umo kwenye bahasha uliyoishika? Na sisi tunaohesabu sadaka, lini tuliwahi kuuliza?

Basi mnada wa leo hatuufungui bado. Mwenye mshahara wa mtu mkobani ainuke, aupeleke. Kapu lake tutamtunzia. Asiyetaka kwenda, alibebe arudi nalo. Hatulitaki.