Sinia la Bi Mandia

Usilaumu jicho na kopo hujachambua. Ndivyo alivyowaambia kocha wenu jana, nanyi mkarudi nyumbani mmenuna kama waliolishwa shubiri. Mlitaka kumtoa mfungaji wenu wa netiboli, eti kakosa magoli kwa sababu macho yake mabovu, na kocha hakuwajibu zaidi ya hapo. Haya, sogezeni vigoda. Leteni na yale maharage tuyachambue, mikono isikae bure. Methali hiyo haikushuka na mvua. Ilizaliwa hapa hapa Kwelumbizi, katika nyumba ambayo naijua kila ufa wake, na mambo yalianza hivi.

Zamani hizo, machungwa yakishavunwa na lori la mwisho likishaondoka, kijiji kizima kilikuwa na siku ya kulenga shabaha. Tulishindana na watu wa ng'ambo ya mto. Bunduki ilikuwa moja tu, bunduki ya upepo, isiyotumia baruti. Bwana mmoja wa shamba la mkonge aliiacha alipohama, akasema iwe ya pande zote mbili. Wazee wakaona itagombaniwa, wakakubaliana kwamba upande utakaoshinda ndio utakaoilaza bunduki mwaka mzima. Ubao ulisimamishwa uwanjani, vizibo vya soda vikapigiliwa misumari, na kila upande ukatoa mlengaji wake. Ah, siku hizo! Ngoma, mihogo ya kuchoma, watoto wamenata maji ya machungwa hadi viwikoni. Sijaona tena furaha ya namna ile.

Mlengaji wetu alikuwa Mzee Mbelwa, mkulima mpole aliyeishi kwa kubebesha miche ya machungwa. Mnaijua kazi hiyo: unakata kijicho cha mche mmoja kwa wembe, unakipachika kwenye shina la mwingine, na ukikosea kidogo tu kimekufa. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho la mwewe. Miaka mingi bunduki haikuvuka mto. Ililala nyumbani kwake, imetundikwa juu ya mlango wa chumbani, na mkewe Bi Mandia akiipangusa vumbi kila alipofagia.

Risasi zake zilitoka kwa Shekilindi mwenye duka. Ni vidude vidogo kuliko punje ya kunde, vya madini laini: kichwa mbele, kiuno katikati, na nyuma pawazi kama kikombe. Shekilindi aliziuza kama alivyouza chumvi, kwa kipimo cha kifuniko cha chupa. Kila kopo jipya lilipofika alilimwaga ndani ya lile la zamani, akazichota kwa kijiko kilekile cha mchele. Ukinunua risasi zake ulipata na pumba, na chenga, na pengine jiwe.

Kwa hiyo kila Mzee Mbelwa alipoleta risasi, Bi Mandia alizimwaga kwenye sinia lake la bati, akakaa kizingitini akizichambua huku akiimba kwa pua. Mumewe alizoea kumtania.

"Mama Mwajabu, hizo hazipikwi."

"Uchafu ni uchafu tu, hata usipopikwa," alijibu, na mzee akacheka akaendelea na wembe wake. Hakuwahi kutazama mkewe anafanya nini hasa. Kwani nani humtazama mkewe akichambua mchele?

Basi mwaka mmoja, machungwa yakiwa yanakomaa, binti yao Mwajabu akajifungua kule Korogwe, mtoto wa kwanza. Bi Mandia akafunga kanga zake akaenda kumlea mzazi mpaka arobaini itoke. Mzee Mbelwa akabaki peke yake, akajipikia ugali mgumu, akaanza mazoezi kama kawaida. Alinunua risasi kwa Shekilindi, akapuliza pumba, akazitia kwenye kopo lake.

Risasi ya kwanza ikapita juu ya kizibo. Ya pili chini. Ya tatu hata ubao haikuugusa. Alibadilisha mkao, akabana pumzi, akasubiri upepo utulie. Wapi! Moja hapa, moja kule.

Tatizo ni kwamba hakuwa peke yake uwanjani. Vijana wote walilenga kwa bunduki ileile na kwa risasi zilezile, nao walikosa vilevile, lakini wao walikuwa wanakosa tangu zamani, nani angeshtuka? Aliyeshangaza ni Mbelwa. Kihiyo, jirani mwenye mdomo usio na kifuniko, alimwona akikosa asubuhi, na kufikia adhuhuri mpaka wachota maji kisimani walikuwa na habari.

"Uzee huo," wakasema. "Jicho limekwenda."

"Maskini, na lilikuwa jicho kweli."

Neno la watu ni baya, wajukuu zangu. Likirudiwa sana linaingia mwilini. Mzee Mbelwa alianza kujipima. Akitazama kilima aliona kama kina ukungu. Akishika wembe wa kubebeshea aliona mkono unatetemeka, akauweka chini. Siku moja aliuacha kabisa, na miche ikabaki shambani ikimngoja. Alikaa barazani akiwaza jinsi atakavyoongozwa kwa fimbo kwenda msalani, na moyo wake ulimuuma kwelikweli, maana hakujua kazi nyingine wala hakutaka kulishwa na binti yake. Mwishowe akaitungua bunduki mlangoni, akaizungushia blanketi, akaifunga kamba. Alitaka kuwapa wazee wamtafute mlengaji mwingine kabla hajaaibisha kijiji.

Siku hiyohiyo akasikia hodi. Bi Mandia amerudi, kikapu kichwani, jasho usoni, furaha tele ya kuwa bibi. Kabla hajatua mzigo akakiona kifurushi.

"Ni nini hicho kimefungwa kama maiti?"

"Bunduki. Naipeleka kwa wazee."

"Kwa nini?"

"Macho yangu yamekwisha, mke wangu. Sioni tena."

Bi Mandia akatua kikapu taratibu. Alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyokonda, na huruma ikamshika. Lakini hakuwa mtu wa kulia kabla ya kuuliza.

"Nani kakwambia?"

"Watu wote. Na mimi mwenyewe nimejaribu. Nakosa."

"Haya. Yule anayekuja kule njiani ni nani?"

Mzee Mbelwa akanyoosha shingo. "Kihiyo. Na kavaa kandambili zisizolingana, moja ya bluu moja ya kijani."

"Ala! Kipofu gani anayeona kandambili za Kihiyo kutoka hapa?" Bi Mandia akapiga makofi. "Lete hilo kopo."

Akalileta. Bi Mandia akaliweka sinia mapajani, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akaliinamisha kidogo, akaanza kuziachia risasi moja moja kutoka ukingo wa juu. Mzee Mbelwa akachuchumaa karibu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akatazama. Risasi nzima ziliviringika zikipinda njia moja, zikatua pamoja pembeni. Kisha ikaja moja ikayumba kama mlevi, ikaangukia kwingine kabisa. Bi Mandia akaiokota akamwonyesha kikombe chake cha nyuma. Mdomo ulikuwa umebonyea.

"Hii imebanwa na kijiko cha Shekilindi. Upepo ukiisukuma utavujia upande mmoja. Itakwenda sawa?"

"Haiwezi."

"Na hizi mbili, zishike. Moja ndefu nzito, moja fupi nyepesi. Makopo mawili tofauti kayatia pamoja. Ukilenga kizibo kimoja kwa zote mbili zitapiga mahali pamoja?"

Mzee Mbelwa akazipima kiganjani. Rundo la zilizokataliwa lilikuwa limekuwa kubwa kuliko la nzima.

"Zile mbovu ulikuwa unazipeleka wapi?" akauliza mwishowe.

"Nawapa watoto wanaovua mtoni, wanafungia kwenye nyuzi za ndoana zizame."

"Miaka yote hii umekuwa ukifanya hivi?"

"Mbele ya macho yako! Kumbe ndiyo maana wanasema huoni." Akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, na mzee naye akacheka, machozi yakamtoka, na haikujulikana ni ya kicheko au ya nini. Kisha Bi Mandia akamgusa bega. "Usilaumu jicho na kopo hujachambua, Baba Mwajabu. Inuka ufungue hiyo kamba."

Siku ya mashindano ikafika. Ng'ambo walimtoa kijana mmoja, Semkiwa, aliyeshindwa kila mwaka na kutukanwa kila mwaka. Wenzake walimwita Kengeza ingawa macho yake yalikuwa yamenyooka kuliko yenu. Alikuja na risasi zake kwenye karatasi, zimechotwa kwa Shekilindi vilevile. Mzee Mbelwa akazitazama, akamtazama kijana. Akachukua kopo alilochambuliwa na mkewe, akamwagia nusu kwenye kiganja cha Semkiwa.

Bi Mandia aliyaona, akamvuta shati. "We mzee! Adui unamgawia chumvi ya nyumbani?"

"Nikimshinda kwa kopo," akasema Mzee Mbelwa, "nitajuaje kama jicho langu ni zima?"

Bi Mandia akaliachia shati.

Wakalenga. Mzee kizibo, kijana kizibo. Mlio wa bati, kelele za watu, mlio mwingine. Ng'ambo hawakuamini. Upande wetu walizoea kumwona Mbelwa akipiga, lakini Semkiwa? Vizibo vya ubao wa kwanza vikaisha, wote hawajakosa. Wakarudishwa nyuma, wakapiga tena, wote sawa. Wakarudishwa mpaka kwenye ukuta wa shule. Mzee Mbelwa akalenga, akaachia, na risasi ikakwangua ukingo wa kizibo bila kukitoboa. Kijana akalenga muda mrefu. Ta! Katikati.

Bunduki imevuka mto! Kihiyo akatikisa kichwa. "Nilisema mimi, jicho limekwenda."

Mzee Mbelwa akageuka, na uso wake uling'aa kama wa bwana harusi. "Limekwenda wapi, Kihiyo? Toka ukuta wa shule nimekwangua kizibo! Umri wangu wote sijapiga kutoka mbali hivi." Akamshika Semkiwa mkono akauinua juu. "Na huyu mnayemwita Kengeza alikuwa na jicho hili tangu mwanzo. Ni nani kati yenu aliyetazama kopo lake?"

Watu wa ng'ambo wakainamisha vichwa. Mmoja mmoja wakaja kumwomba radhi kijana, na ndiyo siku jina la Kengeza lilipokufa.

Bunduki ikavuka mto. Asubuhi yake, kabla jua halijachomoza sawasawa, Mzee Mbelwa alikuwa shambani na wembe wake, akibebesha miche aliyoitelekeza, akiimba kwa pua wimbo wa mkewe. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Na kila mwaka machungwa yalipokaribia kwisha, Semkiwa alivuka mto na kopo lake, akapiga hodi, akasema, "Shikamoo mama, nimeleta mchele." Bi Mandia alimtengea uji kwanza, kisha wakakaa wote watatu na sinia katikati, wakichambua na kuteta habari za watu.

Wote hao wametangulia mbele ya haki. Bunduki iliota kutu, mashindano yakafa, Shekilindi aliuza duka. Nikipita uwanjani pale hunijia harufu ya maganda ya machungwa, na mnajua hakuna ganda hata moja. Ile michungwa ya nyuma ya jiko, ambayo nyie mnaikwea bila adabu, ni miche ya msimu uleule. Na yule mtoto wa Mwajabu, aliyemfanya Bi Mandia aondoke nyumbani na mumewe akadhani amepofuka, ndiye huyu anayewasimulia. Sinia mnalochambulia maharage sasa hivi ni lilelile la Bi Mandia. Lishikeni vizuri.

Kesho, kabla hamjamgusa mfungaji wenu, kautazameni ule mpira kama umejaa upepo, na lile goli kama limesimama wima. Usilaumu jicho na kopo hujachambua.