Alama Nyekundu ya Kibarazani

"Ukimhamishia jirani alama, umemhamishia taa." Mmeusikia usemi huo kwa mama yenu leo, mkacheka, mkaniuliza ni taa gani. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Katika mtaa wa Kibarazani aliishi Bi Mwanaisha, mjane aliyekaanga vitumbua mlangoni kwake. Zamani alikuwa na banda sokoni. Siku moja watu wa manispaa walilichora alama nyekundu, na kesho yake tingatinga likaja likalilaza chini pamoja na jiko lake. Bi Siwema, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, ndiye aliyemgawia mabati ya kuanzia tena pale nyumbani.

Kwa hiyo manispaa ilipotangaza kwamba Kibarazani itapata barabara ya zege, bustani ya watoto, usalama na kazi kwa vijana, Bi Mwanaisha hakuamini hata neno moja. Wenzake bombani nao walitia chumvi. Bustani, walisema, haipandwi mpaka magugu yang'olewe, na magugu ya mji huu tunayajua, ni sisi.

Ijumaa moja akaja kijana wa vipimo, akachora duara jekundu kwenye kona ya nyumba ya Bi Mwanaisha. Alimwamkia vizuri, akaenda zake. Bi Mwanaisha hakumuuliza kitu. Moyoni aliliona tingatinga limekwisha kuegeshwa juu ya kitanda chake.

Watu walipokwenda msikitini, alichukua kumbi la nazi na mchanga, akalisugua lile duara likiwa bado bichi mpaka likatoka. Kisha akatoa kopo la rangi iliyobaki alipopaka mlango, akavuka kichochoro, akachora duara kama lile kwenye ukuta wa Bi Siwema. Kama lazima nyumba moja ianguke, alijiambia, isiwe yangu mara ya pili.

Bi Siwema aliporudi kutoka sokoni alisimama mbele ya ukuta wake muda mrefu. Hakulia. Alivuka, akamwomba Bi Mwanaisha jambo moja tu: wakija kuvunja, amhifadhie cherehani yake. Bi Mwanaisha akaitikia huku akitazama chini. Tangu siku hiyo vitumbua vyake vikawa vinaungua.

Wiki iliyofuata, vijana wa mtaa waliopewa kazi na manispaa walifika na sululu. Bi Mwanaisha akawachungulia mlangoni. Tingatinga halikuwapo. Walichimba shimo kando ya duara, wakasimamisha nguzo ndefu ya chuma. Mashaka yakamzidi, akatoka.

"Mnajenga nini hapo, wanangu?"

"Taa, mama. Penye duara ndipo inaposimama taa," akajibu msimamizi wao, mgeni wa mtaa. "Nilisikia ni kwa ajili ya mama mmoja wa vitumbua, auze mpaka jioni bila hofu ya vibaka. Sijui anakaa wapi."

Vijana wakamtazama Bi Mwanaisha, kisha wakaitazama nguzo.

Jua lilipozama taa ikawaka. Mwanga ukaujaza mlango wa Bi Siwema, wa Bi Mwanaisha ukabaki kivulini. Aliingia ndani akaketi, hakuwasha hata koroboi. Mara akasikia hodi. Alikuwa Bi Siwema.

"Mwenzangu, lete kikaango uje ukae kwangu. Mwanga wote huu nitaufanyia nini peke yangu?"

"Siwema, mimi..."

"Lete kikaango. Ila badili hiyo kanga kwanza. Pindo lina rangi nyekundu tangu ile Ijumaa, na wateja watauliza."

Bi Mwanaisha alikaanga vitumbua chini ya taa ile miaka mingi, mlangoni kwa jirani yake. Mteja akiisifu taa, yeye hugeuza kitumbua taratibu, humtazama Bi Siwema pale kwenye cherehani yake, kisha husema, "Ukimhamishia jirani alama, umemhamishia taa."