Tabibu Aliyejifunza Peke Yake

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, nipeni masikio yenu. Nina habari ya tabibu mmoja, na si habari tamu.

Tabibu huyo alikuwa na zahanati porini, kwenye barabara ambayo masika yakifika hata pikipiki hugeuza. Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali. Mtu akizidiwa, ama apone pale pale ama afie njiani. Wengi walifia njiani, na tabibu alichoka kuwafumba macho.

Siku moja akagundua kwamba madaktari bingwa wa dharura, watu asiowajua wala wasiomjua, wameweka masomo yao kwenye intaneti. Bure! Video za namna ya kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa kimya, namna ya kumwokoa mama anayevuja damu, mtu aliyezimia ashikwe vipi. Hakuna ada, hakuna barua ya utambulisho. Ilimbidi tu apande kichuguu nyuma ya zahanati kutafuta mtandao. Akapanda kila jioni, akatazama na kurudia mpaka mikono yake ikazoea.

Basi watu wakaanza kupona. Mtoto wa mwenye duka aliletwa amelegea kama kitambaa, akarudi kwao akitembea. Sifa zikavuma. Wakamwita bingwa, wakamletea kuku, kwenye harusi akawekewa kiti cha mbele. Je, ni vibaya mtu kusifiwa kwa kazi yake? Si vibaya. Ila sifa zina utamu, na utamu huo tabibu hakutaka kuugawa.

Muuguzi msaidizi aliyefanya naye kazi alimwona akipanda kichuguu. Siku moja akamwambia, "Daktari, hayo unayosoma nami nielekeze. Usipokuwepo mimi hubaki nikitazama tu."

"Hayo si ya kiwango chako, mama. Ni mambo mazito."

"Basi hata ya sindano za dharura peke yake."

"Kwani mimi siko hapa? Ukiona mambo yamekuzidi, niite."

Muuguzi akarudi kufunga vidonda. Angebishana vipi na bingwa?

Sasa, juu ya dari ya zahanati ile walikuwa wamehamia nyuki. Asubuhi moja upepo mkali ukang'oa bati, nyuki wakashuka wamekasirika, na tabibu alikuwa chini yao. Wagonjwa walitimua mbio. Yeye aliumwa usoni, shingoni, mikononi. Alipojikokota mpaka ndani, macho yalikuwa yamevimba yakafumba kabisa, na koo linaziba.

Sikieni, wapendwa: hali ile aliijua. Alikuwa ameisoma vizuri. Alijua dawa yake ni adrenalini, sindano moja kwenye nyama ya paja, na upesi. Alijua imo kabatini, nyuma ya kichwa chake. Lakini haoni, vidole vimekuwa kama mihogo, na akifungua kinywa inatoka filimbi tu.

Muuguzi akapiga magoti. "Daktari, nifanye nini? Niambie!"

Tabibu akajipiga paja.

"Wamekuuma hapo?" Akamfunua suruali, akatafuta miiba ya nyuki, akambandika kitambaa cha maji baridi. Tabibu akajipiga tena, kwa nguvu zote zilizobaki. "Pole, pole, nimeona, nakukanda."

Kisha muuguzi akakumbuka dawa ya vipele aliyoizoea, akaivuta kwa bomba la sindano, akamchoma begani. Tabibu akaihisi sindano ikiingia, akajua kwamba siyo. Akamkamata mkono, akauvuta kuelekea pajani. Muuguzi akadhani anataka kushikwa mkono, akamshika kwa huruma, akawa analia. Na hivyo, ameshikwa mkono na mtu aliyempenda, tabibu akakata roho.

Walipoufikisha mwili wilayani, muuguzi alimsimulia daktari wa pale kila kitu, akauliza kwa uchungu, "Hayo masomo aliyokuwa akiyasoma, mtu anayapataje?"

Daktari akamshangaa. "Hayo? Mbona yako wazi kwa kila mtu? Si una simu?"

Ni kweli, simu alikuwa nayo. Alikuwa nayo mfukoni miaka yote ile. Akaandika neno "nyuki" na neno "dharura", na somo likafunguka mbele yake bila kumuuliza cheo. Akakaa chini kwenye sakafu ya ukumbi ule, akalia upya, na safari hii hakumlilia tabibu.

Sasa niambieni, nani alimuua mtu yule? Msiniambie nyuki. Tabibu alifungia kitu kisichokuwa chake, akakifanya ngazi ya kupandia. Na muuguzi aliamini kwamba mlango ni wa mtu fulani, akakaa nje akisubiri kufunguliwa, wala hakuusukuma hata mara moja.

Sisi je? Fundi unayemgeuzia mgongo mwanafunzi wako ili asione unavyokata, umo humu. Mkunga unayefukuza wasichana chumbani, umo humu. Na wewe unayesema "sikufundishwa" huku hujawahi kutafuta mwenyewe, nawe umo. Tulipewa bila kudaiwa, tukageuka walinzi wa mali ya watu.

Mtazame aliyeketi karibu nawe. Ndiyo, mtazame. Siku utakayoanguka, huyo ndiye atakayepiga magoti pembeni yako. Je, anajua nini?